Jinsi ya Kusoma Majibu ya Vipimo vya Homoni

Karatasi ya majibu ya homoni kwa kawaida huwa na safu tatu: jina la kipimo, namba iliyopatikana, na kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Aliyetoka maabara, iwe ni Kisumu, Kakamega au Nakuru, huikimbilia safu ya katikati, huilinganisha na ya tatu, na akiona herufi H (namba iko juu) au L (iko chini) kando ya namba yake huamini kwamba ugonjwa umekwisha kujulikana. Kwa kipimo cha malaria njia hiyo inatosha, kwa sababu vimelea ama vimeonekana ama havikuonekana. Kwa homoni haitoshi, kwani namba ya homoni haielezi jambo mpaka ujue ni tezi gani iliyoiagiza, ni kitu gani kinachotawaliwa nayo, na sampuli ilichukuliwa saa ngapi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyauliza maswali hayo matatu ukiwa na karatasi yako mkononi. Hauchukui nafasi ya daktari, bali unakusaidia kuingia chumbani mwake ukijua la kuuliza.

Elewa kwanza kinachopimwa

Tezi za homoni hazina mirija. Tezi za mate na za jasho hupitisha maji yake kwenye vijia mpaka mdomoni au juu ya ngozi, lakini pituitari iliyo chini ya ubongo, tezi ya shingo, tezi nne ndogo za parathiroidi zilizojificha nyuma yake, tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, ovari na korodani humimina homoni zake moja kwa moja katika damu. Kongosho hufanya kazi zote mbili: humwaga maji ya kusagia chakula utumbini kupitia mrija, na papo hapo hutia insulini na glukagoni katika damu. Hata figo, ambazo wengi huzifahamu kwa kazi ya mkojo tu, hutoa homoni ya erithropoietini inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyotolewa kwa wingi. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanariadha kupenda kufanyia mazoezi Iten, mahali palipo juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari.

Kwamba viungo huagizana kupitia damu si jambo lililojulikana siku zote. Mwaka wa 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zilizokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani ya kipande hicho, na kongosho likatoa maji yake vilevile. Kwa kuwa neva hazikuwapo tena, agizo lilikuwa limesafiri kwa damu. Kemikali hiyo waliiita sekretini.

Homoni hupita kila mahali damu inapofika, lakini huitikiwa na seli zenye vipokezi vyake peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na homoni tele na bado akaonyesha dalili za upungufu, kwa sababu vipokezi vimeacha kuitikia. Kisukari cha aina ya pili huanza hivyo: kongosho hutoa insulini, pengine kuliko la mtu mzima wa afya, ila misuli, mafuta na ini haviitikii ipasavyo.

Jambo jingine la kuweka akilini ni muda ambao kila homoni hudumu katika damu, kwani ndio unaoamua kipimo kirudiwe lini. Adrenalini hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache, na insulini inayotoka kongoshoni nayo hudumu dakika chache vilevile. Homoni ya T4 ya tezi ya shingo huchukua takriban siku saba kupungua kwa nusu. Ndiyo maana mgonjwa wa tezi ya shingo aliyesahau kidonge cha siku moja hahisi tofauti yoyote, ilhali mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza aliyekosa insulini anaweza kuwa hatarini kabla ya kesho yake. Ndiyo maana pia kupima tezi ya shingo wiki moja baada ya kubadilishiwa dozi ni kupoteza pesa: hali mpya hutulia baada ya wiki sita hadi nane.

Swali la kwanza: nani ameiagiza?

Homoni nyingi hutolewa kwa agizo, na agizo hulegezwa au kukazwa kulingana na kazi ilivyofanyika. Haipothalamasi, iliyo ubongoni, huiagiza pituitari. Pituitari huiagiza tezi iliyo mbali. Nayo homoni ya tezi hiyo ikifika ubongoni hupunguza maagizo. Aliyepanda gari katika stendi ya Kisumu ameuona mpango huu kwa makanga: gari likiwa tupu anapaza sauti mpaka inakauka, likijaa ananyamaza, na anayesikia kelele zake akiwa mbali anaweza kujua gari lina abiria wangapi bila kuchungulia dirishani. Homoni ya TSH, inayotoka pituitari kwenda tezi ya shingo, ndiyo sauti hiyo. TSH ikipanda, maana yake tezi ya shingo haitoi T4 ya kutosha. TSH ikizimika kabisa, T4 imezidi.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa karatasi hukosea mwelekeo. TSH yenye alama ya H huchukuliwa kuwa ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ilhali ni kinyume chake. Pia TSH hubadilika kwa kasi kubwa kuliko T4: T4 ikishuka kidogo tu, TSH hupanda mara kadhaa. Ndiyo sababu madaktari huanza na TSH, kwa kuwa hutoa habari mapema kabla T4 haijatoka nje ya kiwango chake.

Chukua karatasi yenye vipimo vyote viwili, TSH ambayo kiwango chake cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0, na T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, ambayo ni takriban pikomoli 10 hadi 23 kwa lita, kisha uzisome kwa pamoja. TSH ikiwa 38 na T4 huru ikiwa 5, tezi ya shingo yenyewe imechoka, na mwenyewe pengine analalamika kwa baridi hata wakati wa joto la mchana, choo kigumu, ngozi kavu, uchovu na uzito unaoongezeka. TSH ikiwa chini ya 0.01 na T4 huru ikiwa 45, tezi inatoa homoni bila kuagizwa. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ingawa mtu anakula vizuri. TSH ikiwa 7 na T4 huru ikiwa 15, tezi inajikongoja lakini bado inafikisha mzigo, na kwa mtu asiye mjamzito mara nyingi inafaa kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza dawa ambayo huenda ikawa ya maisha.

Hali ya nne ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu karatasi yake huonekana safi. T4 huru ni 6, TSH ni 1.5, na kando ya TSH hakuna alama yoyote. Ukisoma TSH peke yake utasema mambo ni sawa. Lakini T4 ikiwa chini namna hiyo TSH ilipaswa kuwa juu sana, na kutopanda kwake ni dalili kwamba pituitari imenyamaza. Mfano unaotokea katika hospitali zetu ni wa mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Pituitari huvimba wakati wa ujauzito na kuhitaji damu zaidi, hivyo shinikizo la damu likianguka ghafla sehemu yake inaweza kufa. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nguvu hupotea mwezi baada ya mwezi, na watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa kulea. Mama wa namna hiyo anahitaji kupimwa homoni zote za pituitari, na hasa kotisoli, homoni ya tezi za adrenali ambazo nazo huagizwa na pituitari, kwa kuwa kumpa dawa ya tezi ya shingo kabla ya kumrudishia kotisoli kunaweza kumwangusha kabisa.

Kuna nyakati ambapo namba hizi hupotoka bila tezi kuwa na kosa. Mgonjwa aliyelazwa kwa malaria kali au nimonia anaweza kuonyesha TSH na T4 zilizoshuka, kwa sababu mwili hupunguza matumizi wakati wa ugonjwa mzito; isipokuwa pawe na dalili za wazi za ugonjwa wa tezi, kipimo kingoje apone. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, homoni ya hCG, ileile inayopimwa kwa mkojo kuthibitisha mimba, huigusa tezi ya shingo na kuishusha TSH. Mwambie mpimaji kama una mimba, hata kama hujawaambia watu wa nyumbani.

Tezi ya shingo, chumvi na kikombe cha chai

Nakaa zaidi kwenye tezi hii kwa kuwa katika nyanda za juu za Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya rovu, ambalo wengi huliita goita, si jambo geni. Molekuli ya T4 ina atomi nne za iodini, na mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Mvua nyingi za milimani huosha iodini kutoka kwenye udongo, na mazao ya udongo huo hutoka yakiwa na upungufu uleule. Tezi isiyopata iodini huendelea kupigiwa kelele na TSH na hukua ikijaribu kunasa kidogo kilichopo. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya chakula itiwe iodini, na hiyo ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote, mradi chumvi ihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na unyevu na mvuke wa jiko.

Wengi wa kando ya ziwa husema kwamba wao hula samaki kila siku na kwa hiyo iodini hawaikosi. Iodini nyingi iko kwa samaki wa baharini. Mbuta, ngege na omena wa maji baridi wanayo kidogo zaidi. Samaki hao ni chakula bora kwa mambo mengine, lakini chumvi yenye iodini ibaki mezani. Vilevile, katika sehemu za Busia na Siaya ambako ugali wa muhogo na mtama ni chakula cha kila siku, muhogo huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kunasa iodini. Kuuloweka, kuuchachusha na kuuanika vizuri hupunguza sumu hiyo, na anayepata iodini ya kutosha hana sababu ya kuuogopa. Sukuma wiki pia hutajwa sana katika habari hii, kwa maoni yangu kupita kiasi. Iliyopikwa kwa kiasi cha kawaida haina neno.

Anayetumia levothairoksini, kidonge chenye T4, akikuta TSH yake haishuki licha ya dozi kuongezwa, achunguze asubuhi yake kabla ya kuilaumu dawa. Kidonge kinamezwa kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai yetu ni ya maziwa, maziwa yana kalisi, na kalisi hukishika kidonge tumboni kisiingie katika damu. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki hufanya vivyo hivyo, pamoja na baadhi ya dawa za kiungulia. Vidonge hivyo vya chuma na vya kiungulia vitenganishwe na levothairoksini kwa saa nne. Asiyeweza kungoja asubuhi anaweza, kwa kukubaliana na daktari, kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha jioni. Muhimu ni utaratibu uwe uleule kila siku, la sivyo dozi itapandishwa kufidia chai.

Kwa anayetumia kabimazoli kupunguza nguvu za tezi iliyozidi, nina onyo moja ambalo katika eneo la malaria lina uzito wake. Mara chache dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, na dalili yake ni homa na koo linalouma. Kisumu mtu mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na ni haki, lakini mwenye kutumia kabimazoli lazima aseme hivyo, aache dawa hiyo kwa muda na apimwe wingi wa chembe nyeupe siku hiyohiyo.

Swali la pili: inatawala nini?

Homoni nyingine haziagizwi na pituitari bali na kitu kilekile zinachokitawala. Insulini huitikia sukari iliyo katika damu. Homoni ya parathiroidi huitikia kalisi. Hizi zisomwe kwa pamoja na kitu hicho. Sukari ikiwa 2.2 na insulini ikawa ndani ya kiwango cha kawaida, karatasi haitakuwa na alama kando ya insulini, ila hali hiyo si ya kawaida hata kidogo: sukari ikishuka hivyo kongosho lilipaswa kuwa limeacha kutoa insulini. Vivyo hivyo kalisi ikiwa juu na homoni ya parathiroidi ikawa katikati ya kiwango, tezi hizo zimekaidi, kwa maana zilipaswa kunyamaza.

Kwa sababu hiyo daktari anayeshuku kisukari kwa kawaida hapimi insulini. Hupima sukari, kwa kuwa sukari ndiyo shahidi wa kazi ya insulini. Baada ya kukaa bila chakula kwa saa nane, maji yakiruhusiwa, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi katika vipimo viwili ni kisukari. Ya wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi pamoja na kiu, mkojo wa mara kwa mara na kukonda, nayo ni kisukari. Mkojo wa mara kwa mara hauji kwa bahati mbaya: sukari ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote katika damu, nayo huvuta maji na kutoka nayo.

Kipimo cha damu ya kidole kinahitaji mikono iliyonawiwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa. Aliyemenya miwa huko Mumias au aliyekula embe kisha akatoboa kidole bila kunawa anaweza kupata 14 ilhali sukari yake ni 6, kwa sababu tone dogo la damu limechanganyika na utomvu mtamu ulioganda pembeni mwa ukucha. Kufuta kwa pamba yenye spiriti hakutoshi kuiondoa sukari hiyo. Karatasi ndogo za kupimia nazo huharibiwa na joto na unyevu, kwa hiyo kichupa chake kifungwe mara tu baada ya kuchomoa moja na kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na kama sukari imepanda siku kadhaa mfululizo bila mabadiliko ya chakula wala dozi, itazame insulini yenyewe: iliyokaa juani au iliyoganda kwenye friza imekufa, hata ikiwa tarehe yake bado haijapita.

Kipimo cha HbA1c hupendwa kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu bila kukutaka ukae na njaa, na 6.5 kwa mia au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Magharibi ya Kenya, hata hivyo, ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida kuliko sehemu nyingi za nchi, na chembe za mgonjwa wa selimundu mara nyingi huishi siku 10 hadi 20 tu. Hazipati muda wa kushikamana na sukari, hivyo HbA1c hutoka ikiwa chini huku kisukari kikiendelea kula figo na macho. Aliyetoka kuongezewa damu, au aliyepungukiwa damu kwa malaria, naye asiiamini namba hiyo. Hata mwenye kubeba jeni moja tu la selimundu, asiyeumwa kamwe, aulize kama mashine ya maabara hiyo inasumbuliwa na himoglobini (protini ya chembe nyekundu) ya aina yake. Kwa watu hawa sukari ya damu yenyewe, ikipimwa mara kwa mara, ndiyo ya kutegemewa.

Kuna nyakati ambazo kipimo cha sukari hakipaswi kungoja miadi. Mtoto au kijana anayetapika, anayeumwa tumbo, anayepumua kwa kina na kwa kasi, ambaye wiki chache zilizopita amekuwa akinywa maji mengi na kukojoa usiku, apimwe sukari leo hii, kwani kisukari cha aina ya kwanza huingia kwa sura inayofanana na malaria au homa ya matumbo, na dakika moja ya kutoboa kidole inaweza kuokoa maisha. Kwa upande wa pili, anayetumia dawa ya kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari ikiwa chini ya 3.9, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Mtetemeko na jasho hilo ni kazi ya adrenalini inayojaribu kuirudisha sukari juu. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Swali la tatu: saa ngapi, siku gani?

Kotisoli hufikia kilele chake asubuhi, karibu na saa mbili, na huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku. Namba iliyo ya kawaida asubuhi ni ugonjwa ikipatikana usiku wa manane. Askari wa usiku, au mfanyakazi wa zamu za usiku Naivasha anayelala mchana, amwambie daktari ratiba yake ya kulala kabla ya kupimwa, kwa kuwa saa ya mwili wake inaweza kuwa imesogea. Testosteroni nayo hupimwa asubuhi, kabla ya saa nne, na ikitoka chini hurudiwa siku nyingine kabla ya uamuzi wowote.

Kwa wanawake, siku ya mzunguko ndiyo kila kitu. FSH na LH, homoni za pituitari zinazoziagiza ovari, kwa kawaida hupimwa siku ya pili hadi ya tano tangu hedhi ianze. Projesteroni inayotafutwa kuthibitisha kwamba yai limetoka hupimwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayofuata, ambayo ni siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28 na ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Nimeona karatasi nyingi mno za projesteroni ya siku ya 21 kwa wanawake wenye mizunguko mirefu, wakaambiwa mayai hayatoki, ilhali walipimwa wiki moja mapema.

Anayetumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi amejaza nafasi ya homoni kutoka nje, na pituitari kwa kuiona imejaa imenyamaza. Vipimo vya FSH, LH na estrojeni vitaonyesha ukimya huo, na si ugumba. Baada ya kuacha sindano, wastani wa muda wa kurudi kushika mimba ni takriban miezi kumi tangu sindano ya mwisho, kwa hiyo asiyepata hedhi miezi minne baada ya kuacha hana haja ya kununua paketi nzima ya vipimo. Apime mimba, kisha avumilie.

Taja kila unachomeza na kila unachojipaka

Prednisoloni na deksamethasoni ni stereoidi zinazoiga kotisoli. Huokoa maisha ya wenye pumu na magonjwa mengine, lakini huuzwa pia kiholela kama dawa za kunenepesha, na baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na stereoidi kali ndani yake. Ubongo ukiona stereoidi imejaa hulegeza agizo, na tezi za adrenali zisizoagizwa kwa wiki kadhaa husinyaa. Kotisoli kwenye karatasi hutoka chini mno huku mwenyewe akiwa na uso wa mviringo, shinikizo la damu na sukari iliyopanda, yaani dalili za kotisoli nyingi. Bila kujua habari za krimu, daktari hataielewa karatasi hiyo. Aliyetumia vidonge hivyo kwa zaidi ya wiki tatu asiviache ghafla. Dozi hupunguzwa polepole ili tezi ziamke. Akiviacha kwa mkupuo kisha apatwe na maambukizi au ajali, anaweza kutapika, kuzirai na kufa kwa kukosa homoni ambayo mwili ulisahau kuitengeneza.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa wingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara, kiasi cha kumfanya mtu mwenye afya aonekane ana tezi ya shingo iliyozidi. Viachwe siku mbili au tatu kabla ya kipimo, na zaidi kama dozi ni kubwa sana.

Kabla ya kuiweka karatasi kwenye faili

Andika kwa kalamu, kando ya namba, saa uliyotolewa damu, ulikula saa ngapi, siku ya hedhi, dawa ulizomeza wiki hiyo na dozi yake. Maabara haiandiki mambo hayo, na miezi sita baadaye hutayakumbuka. Tumia maabara ileile kadiri inavyowezekana, kwa kuwa mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile, na kila moja ina kiwango chake cha kawaida. Usichukue kiwango cha karatasi ya Nakuru ukakitumia kuhukumu namba ya Kisumu.

Ukilazimika kuhama, tazama vipimio kabla hujasema homoni imepanda au imeshuka. Sukari iliyoandikwa kwa miligramu kwa desilita igawanywe kwa 18 ili upate milimoli kwa lita, kwa hiyo 126 ya huko ni 7.0 ya hapa. T4 huru iliyoandikwa kwa nanogramu kwa desilita izidishwe kwa 12.87 ili upate pikomoli kwa lita: aliyekuwa na 1.2 mwaka jana na sasa ana 15.4 katika maabara nyingine hajabadilika hata kidogo.